Londiani ya Kando ya Tangi

Juzi niliunguza maziwa tena. Nasema tena kwa sababu watu wa nyumba hii wameshanizoea. Binti yangu husema siku moja nitachoma nyumba nikitafuta miwani iliyo juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimeyateleka, nikatoka nje dakika moja kumfukuza kuku kwenye sukuma wiki, na niliporudi yalikuwa yamepanda na kumwagika juu ya chuma cha jiko, yakitoa ule moshi wa kahawia unaokwaruza koo. Mtu mwenye akili timamu angechukua kitambaa. Mimi nilivuta stuli, nikaketi palepale, nikavuta pumzi.

"Mama, unalia?" binti yangu akauliza kutoka mlangoni.

"Ni moshi."

"Na ni moshi ndio unakuchekesha pia?"

Ningemwelezaje kwamba harufu ya maziwa yaliyoungua juu ya chuma, kwangu mimi, ni harufu ya safari? Hapo ndipo wanaonijua huanza kucheka, maana mimi sijaenda popote. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne wako Nairobi, wengine wako ng'ambo wanatutumia picha za theluji. Mimi niko hapahapa nje kidogo ya Litein, kwenye kiwanja nilichozaliwa, na nikienda Kericho kununua kitu naanza kuikumbuka nyumba kabla sijafika. Lakini Londiani nimeenda mara nyingi kuliko dereva yeyote wa barabara ile, na sikuhitaji hata kuvaa viatu. Londiani yangu ilikuwa kando ya tangi la maji, hatua arobaini na kitu kutoka mlango wa jikoni.

Baba alikuwa mtu wa boila, lile tangi kubwa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, katika kiwanda cha chai. Kama ulikulia huku miaka ile yetu, unakumbuka jinsi king'ora cha kiwanda kilivyotupangia maisha: cha kwanza kinakuamsha, cha pili umeshachelewa shule. Basi moto uliokipa sauti kile king'ora, baba yangu ndiye aliyeulisha. Sisi wengine tunadhani chai ni majani. Baba alisema chai ni moto na maji, majani ni wageni wanaopita tu. Boila ikizimika msimu wa mvua, wakati chai inachipuka kwa fujo, majani yanalala sakafuni yanaoza, na jasho la mtaa mzima linatupwa shimoni. Kwa hiyo alikuwa na sheria mbili, na alituhubiria kuliko mchungaji. Ya kwanza, maji kabla ya moto. Ya pili, boila yenye moto haiachwi.

Sheria hizo alizifuata hata jikoni. Akiambiwa achunge uji, alivuta kiti mbele ya sufuria na kukaa wima kama askari wa benki. Mtu akipiga hodi getini, anajibu bila kugeuka, "Ngoja, kuna moto hapa." Mama alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Alikuwa na kicheko kinachoanza chini polepole na kupanda, kama mtu anayetafuta kitu kilichowekwa juu ya kabati.

Halafu sheria ya pili ikatuharibia nyumba.

Babu yangu mzaa mama, ambaye tulimwita Kugo kama watoto wote wa Kikipsigis wanavyowaita babu zao, alifanya kazi stesheni ya Londiani maisha yake yote. Alianza kwa kutia makaa kwenye treni za moshi, na treni hizo zilipoondolewa akabaki kufagia jukwaa. Mama alilelewa kwenye kibanda cha wafanyakazi kando ya reli. Kugo alikufa msimu wa mvua, wakati kiwanda kinafanya kazi mchana na usiku. Mimi na Mama tulitangulia. Siku ya mazishi, mwenzake Baba aliyepaswa kumpokea zamu hakutokea, na Baba hakuwa mtu wa kuiacha boila na moto wake. Huko Londiani wakwe waliitwa watie udongo kaburini. Jina la Baba likaitwa, watu wakageuka kutazama njia, hakuna mtu. Mama akainama akatia udongo mara mbili, wake na wa mumewe. Baba alifika wakati watu wananawa mikono wale, bado amevaa ovaroli, magoti yana masizi.

Mama hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimwangalia tu, akasema, "Rudi ukakae na boila yako."

Basi tukarudi wawili, mimi na Baba, Mama akabaki Londiani. Mimi nilirudishwa kwa sababu ya shule. Nilikuwa darasa la tatu. Dada yake Baba, Senge, yaani shangazi kwa lugha yetu, akaja kutupikia. Baba alienda Londiani mara moja kumwomba Mama msamaha, akapewa chai, akaulizwa habari za kiwanda, akarudi peke yake. Baada ya hapo hakwenda tena. Alikuwa mtu wa aibu, na aibu yake ilimfanya anyamaze, na alivyonyamaza ndivyo kila mtu alivyodhani hajali.

Jumapili moja alirudi na kipande cha bomba la shaba, nene kama mkono wangu, alichoruhusiwa kuokota kwenye vyuma vikuukuu vya kiwanda. Nyuma yake alikuja Baba Akinyi, jirani yetu, fundi wa karakana ya kiwanda, mtu aliyehamia huku kutoka upande wa ziwa akaja na maneno yote ya huko. Baba akisema neno moja, Baba Akinyi alisema kumi na kuyacheka mwenyewe.

"Baba Cheptoo," akamwambia, "mimi natengeneza mashine za kukausha chai ya dunia nzima. Leo Jumapili, nimevaa shati safi, unataka nikutengenezee mchezo wa mtoto?"

"Si mchezo."

"Ni nini?"

"Ni treni."

"Haya. Treni isiyo mchezo. Na itabeba nani?"

Baba akapuliza vumbi kwenye bomba. "Wewe shika hapo."

Walijenga kwa miezi. Bomba likawa boila, likalehemiwa ncha zote mbili, likajazwa maji kwa pampu kuona kama linavuja. Likapewa kioo chembamba cha kuonyesha maji, na vali ndogo ya usalama ambayo mvuke ukizidi inafunguka yenyewe na kulia fsss. Silinda waliichonga kwenye mashine ya karakana saa za chakula. Chini ya boila kulikaa kitaa cha tambi tatu kilichotumia ile spiriti ya zambarau ya kuwashia taa ya presha. Reli zilikuwa vyuma bapa vilivyosimamishwa kwenye mataruma, vile vibao vya kulaza reli, ambavyo Baba alivikata kwa msonobari na kuvichovya kwenye oili chafu ili mchwa waone aibu.

Upana wa reli walibishania. Baba Akinyi alitaka kupima kwa rula. Baba akaniita. "Cheptoo, weka mkono hapa." Nikaweka kiganja juu ya kijiti, vidole vimebanana, akachora alama pande mbili akakata. Kijiti kile ndicho kilichopima reli nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini reli yetu ni nyembamba hivi, jibu ni kwamba nilikuwa mdogo.

Stesheni ya kwanza iliitwa Kericho, nayo ilikuwa kwenye ngazi ya jikoni. Kutoka hapo reli ilipita kando ya sukuma wiki, ikapinda kufuata mstari wa mwisho wa chai yetu, ikavuka mtaro wa maji kwa daraja la mabati, kisha ikapanda mwinuko mpaka kwenye tangi. Huko juu Baba alijenga kituo cha mwisho akiwa peke yake, bila Baba Akinyi. Alikata mkebe wa mafuta ya kupikia akafanya kibanda chenye dirisha moja na bomba la moshi. Akasimamisha tangi dogo juu ya miguu minne. Akaweka benchi refu kama kalamu, na choo cha kipande cha bati upande mmoja. Akaandika kwenye kibao kwa rangi nyeupe: LONDIANI.

Nilidhani ananijengea mimi. Mtoto wa pekee hudhani hata mvua inanyesha kwa ajili yake.

Siku alipokuwa akipaka rangi kile kibanda nilimuuliza swali nililokuwa nimelibeba tangu mazishi. "Baba, Mama atarudi lini?"

Alichovya brashi. Alikuwa na njia ya kujibu kama mtu anayesogeza kitu kizito. "Hii reli ikifika Londiani," akasema.

Mimi nikaamini. Watu wazima husema maneno kama hayo ili mtoto aondoke. Mimi niliyachukua kama saa ya treni. Kila jioni nilihesabu mataruma yaliyobaki. Jambo moja tu lilinisumbua, nami nikamuuliza Baba Akinyi kwa siri, maana behewa lenyewe lilikuwa kubwa kama sahani ya ugali.

"Mama atatosha?"

Akaliangalia behewa, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Atakunja miguu, stesheni masta."

Basi nikaenda chumbani nikatoa viatu vya Mama vya kanisani, vile vyeusi vyenye kisigino, pamoja na leso yake moja. Leso nikaikunja kwenye behewa ili asikae kwenye bati baridi. Viatu nikavipanga juu yake, kwa sababu aliondoka na vile vya matope tu.

Jumapili ya kwanza treni ilipowashwa, majirani walijaa uani. Baba alitia maji, akaangalia kioo, akawasha tambi, akangoja. Boila ikaanza kuimba kama sufuria kabla haijachemka, sindano ya presha ikatikisika, akafungua mvuke kwa vidole viwili. Ile treni ikakohoa, ikatema maji, ikaondoka. Nasema ikaondoka! Ikapita sukuma wiki ikisema chu-chu-chu, kuku wakakimbia, Senge akasema "Yesu!" Ikavuka daraja. Ikaanza kupanda. Halafu pumzi zikaanza kuachana, kama za mzee kwenye mlima, na ikasimama. Kutoka pale iliposimama mpaka kwenye kibao cha Londiani ilikuwa umbali wa jembe lililolazwa.

Jumapili ya pili, palepale. Ya tatu, palepale.

"Shida si injini," Baba Akinyi akasema. "Ni hivi viatu. Toa viatu uone kama haitapanda mbio."

Baba aliviangalia viatu muda mrefu. "Acha viatu," akasema.

"Lakini, ndugu yangu, uzito..."

"Nimesema acha viatu."

Mimi niliyasikia hayo yote na sikuelewa hata moja. Niliona tu kwamba treni inakosa nguvu, na kuhusu nguvu nilikuwa na mwalimu ndani ya nyumba. Senge alikuwa na dini mbili, kanisa na maziwa. Kwake, chai ya strungi, yaani chai bila maziwa, ilikuwa maji ya kusuuza kikombe. Kumpa mgeni strungi kulikuwa sawa na kumwambia asirudi. "Mtu amekunywa strungi atapanda mlima gani?" alikuwa akisema akimimina. "Ataishia katikati, akae chini."

Ataishia katikati, akae chini! Ndivyo ilivyokuwa hasa. Siku zote tulikuwa tunaipa treni maji matupu, moto juu ya maji matupu. Tulikuwa tunainywesha strungi, halafu tunashangaa haifiki.

Jumamosi Baba akiwa zamu na Senge akiwa sokoni, nilifanya kazi kwa utaratibu, maana nilikuwa mtoto wa mtu wa boila. Nilimwaga maji ya zamani. Nilitia vikombe viwili vya maziwa ya asubuhi, mazito, yenye malai juu, kwa faneli. Niliangalia kioo: kimejaa, cheupe pe pe pe. Nikasema kwa sauti, "Maji kabla ya moto," kwa moyo safi kabisa, nikawasha tambi.

Mwanzoni ilikuwa furaha. Uani pakanukia kama nyumba yenye wageni. Halafu sindano ya presha ikapanda haraka kuliko kawaida, na nilipofungua mvuke ile treni ilitoka kama ndama aliyekatiwa kamba. Povu jeupe likaruka kwenye bomba la moshi. Firimbi yake ndogo ikatema maziwa. Ikapita chai, ikapita daraja, nami nakimbia kando yake nikipiga makofi, na ikapanda kuliko ilivyowahi kupanda, mpaka kikabaki kipande kama cha mkono wangu. Hapo ikakwama. Magurudumu yalinyamaza. Lakini tambi zilikuwa bado zinawaka, na harufu ikabadilika kutoka chai kuwa kitu kinachoungua, na ile vali ya usalama, ambayo siku zote hulia fsss, ilikuwa kimya. Nilipiga magoti nikasogeza uso ili nione kwa nini.

Mkono uliniinua kwa kola ya gauni. Baba Akinyi alikuwa ameruka ua na sabuni ya kunyolea bado iko kwenye shavu moja. Alinitupa nyuma ya tangi, akapiga kitaa teke kikaruka hadi kwenye chai, akajitupa karibu nami. Tukalala pale chini tukisikiliza ile boila ikitetemeka, tik, tik, tik, mpaka ikapoa.

"Umeweka nini mle?" aliuliza, sauti yake nyembamba.

"Maziwa."

"Maziwa gani?"

"Ya asubuhi."

Akafunika uso kwa mkono. Nilidhani analia. Sasa najua alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Baba aliporudi kutoka zamu alielezwa. Alikaa chini kwenye nyasi karibu na ile injini na kufungua vali ya usalama kwa spana. Ilikuwa imezibwa na kitu cha kahawia, kigumu kama ukoko wa uji. Aliishika kwenye kiganja, akaikwangua kwa ukucha. Nilingoja kuchapwa. Nilikuwa hata nimechagua upande.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ili ifike Londiani."

"Ifike Londiani ufanye nini?"

"Wewe ulisema ikifika Mama atarudi."

Baba aliiweka vali chini kwenye nyasi. Nimewahi kumwona akiwa mgonjwa, nilimwona siku ya mwisho wake, lakini sijawahi kuona uso wake ukianguka kama siku ile. Baadaye akanivuta karibu, na ovaroli yake ilinuka mvuke na majani, akasema, "Kosa si lako. Wewe ulitia maji kabla ya moto."

Siku ya soko alienda kwa Mama Viazi, mwanamke aliyeshusha viazi Litein kila wiki kutoka Londiani, na aliyebeba salamu zetu sote bila kupoteza hata moja. Baba alimwambia: "Mwambie Mama Cheptoo kwamba mtoto ametia maziwa kwenye boila, yameungua ndani. Yeye ameosha makopo ya maziwa tangu utoto. Muulize yanatolewaje." Kati ya maneno yote aliyoweza kumtumia mkewe baada ya miezi, alituma hayo.

Wiki iliyofuata Mama Viazi alikuja mpaka nyumbani, gunia begani na mkebe mkononi. Ndani kulikuwa na unga mweupe wa kuoshea makopo.

"Anasema maji moto, vijiko viwili, uache mpaka asubuhi. Anasema Cheptoo asiguse." Akavuta pumzi. "Na anauliza, ni boila gani hiyo iko nyumbani kwake?"

Baba akamwelekeza kwa kidevu. Mama Viazi akafuata reli kwa macho, polepole, sukuma wiki, daraja, mwinuko. Alipofika kwenye tangi alishusha gunia chini.

"Hiki si kibanda cha marehemu baba yake?" akasema. "Hata benchi lake? Alikuwa anakaa hapa akila muwa." Akamgeukia Baba. "We mwanamume, ulimwambia nani kwamba unajenga hii?"

"Nani angenisikiliza?"

"Nimwambie nini?"

Baba akakuna kichwa. "Mwambie bado haijafika."

Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba ile reli haikuwa yangu. Nilikasirika kidogo, nikiri, kama mtu aliyevaa gauni akaambiwa ni la dada yake. Lakini jioni nilienda nikaangalia ndani ya dirisha la kibanda na kuona kwamba Baba alikuwa ameweka hata kitanda, cha njiti za kiberiti, na hasira ikanitoka.

Baba alisafisha boila mara tatu. Jumapili baada ya kanisa akaiwasha tena, Baba Akinyi amesimama kando na ndoo ya maji kama mzima moto. Mimi niliwekwa mbali na boila, karibu na behewa, niangalie viatu visianguke. Maji, kioo, tambi. Sindano ikapanda. Baba akaweka vidole viwili kwenye mvuke, akafungua nusu, na treni ikaanza kujongea.

Geti likalia.

Lilikuwa na bawaba mbovu iliyolia kwa namna moja tu, na mtu mmoja tu alijua kulisukuma juu kidogo lisikwame. Niligeuka. Mama alikuwa amesimama pale na viatu vya matope, mfuko wa plastiki mkononi, hajaingia, hajatoka.

Sikufikiri. Nilinyakua viatu vyeusi na leso kwenye behewa nikakimbia nikipiga kelele. Nilipofika kwake nilisikia hatua nzito nyuma yangu, nikadhani ni Baba Akinyi. Alikuwa Baba. Alikuja mbio, mikono yote miwili mitupu, akasimama mbele yake akihema.

Mama hakumsalimu. Alitazama juu ya bega lake, kule moshi ulikotokea.

"Nani amebaki na boila?" akauliza.

"Hakuna mtu," Baba akasema.

"Ina moto?"

"Ina moto."

Walitazamana. Mimi nilikuwa katikati nimeshika viatu, nikivuta sketi ya Mama avivae, hakuna aliyenijali. Kisha kitu kikaanza chini kabisa kifuani mwa Mama, polepole, na kikaanza kupanda, nami nikakijua kabla hakijafika. Alicheka mpaka akashika geti.

Ni Baba Akinyi aliyetukumbusha, akipiga kelele kutoka kando ya mtaro, kwa maana yeye pia alikuwa ameacha kuangalia treni akawa anaangalia geti. Tulikimbia wote. Injini ilikuwa Londiani. Imesimama wima chini ya kibao, pua imegusa ukingo wa tangi, magurudumu yanazunguka pole pole mahali pamoja, behewa tupu nyuma yake. Ilipanda yenyewe, bila mtu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiona ikifika.

Baba akazima tambi. Mama akapiga magoti kwenye nyasi na nguo yake ya safari. Aligusa benchi kwa kidole, akachungulia dirishani, mgongo wake ukiinuka na kushuka. Baba alisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Choo kilikuwa upande ule mwingine," Mama akasema hatimaye, bila kugeuka.

"Nitahamisha," Baba akasema.

Mama akavua viatu vya matope, akanyoosha mkono nyuma, nami nikampa vile vyeusi.

Kwa miaka yote iliyofuata tulikuwa na ubishi mmoja wa mezani. Mimi nilisema treni ilifika kwanza ndipo Mama akasukuma geti, kama nilivyoahidiwa. Baba alisema hapana, geti lililia kwanza, na kama viatu visingetoka treni isingepanda. Mama alisema sisi sote ni waongo kwa sababu hakuna aliyekuwa anaangalia, kisha anamimina chai. Baba alitutoka zamani kidogo. Mama tulimzika mwaka jana, na nilipoitwa nitie udongo nilitia mara mbili, sijui kwa nini, mikono ilienda yenyewe. Baba Akinyi alistaafu akarudi kwao ziwani, hunipigia simu sikukuu akiuliza, "Stesheni masta, treni ya saa ngapi leo?" Naye anazeeka, mara iliyopita aliniuliza kama Mama hajambo.

Sasa sina wa kubishana naye. Siku ile nilipounguza maziwa niliondoka jikoni, nikatoa injini chini ya kitanda, nikaifuta. Mataruma mengi nimeyabadilisha kwa mikono yangu, mimi nisiyeweza kubadilisha balbu bila kumwita mtu. Kijiti cha kipimo ninacho bado. Nikiweka kiganja juu yake, kidole kidogo na nusu ya kinachofuata vinabaki nje.

Jumapili naiwasha. Maji, kioo, tambi. Binti yangu hukaa kwenye ngazi ya jikoni na simu yake, akijifanya haangalii. Nafungua mvuke kwa vidole viwili, naiacha iende, behewa tupu, ipite sukuma wiki, ipite chai. Nikisikia bati la daraja linalia, naiacha na moto wake, nageuka, na kuangalia geti.